“Ni Uzee Tu”: Haki ya Mzee Anapougua Ghafla

(Mada iliyotolewa kwa wawezeshaji wa haki na amani wa ngazi ya parokia)

 

Tumeombwa kusema nanyi juu ya mabadiliko yanayoupata mwili wa binadamu anapozeeka, na juu ya namna ya kumhudumia mzee anapopatwa na ugonjwa wa ghafla au ajali. Huenda baadhi yenu mmejiuliza mambo ya mapigo ya moyo na mifupa yanahusianaje na Tume ya Haki na Amani. Je, hiyo si kazi ya waganga na wauguzi? Jibu letu ni fupi. Mahali popote ambapo mtu hukosa tiba kwa sababu ya umri wake, hapo pana dhuluma, hata kama aliyeitenda hakuikusudia. Na dhuluma hiyo ina maneno yake matatu, ambayo sote tumeyasikia na wengi wetu tumeyatamka: “Ni uzee tu.”

Leo twataka kuyapima maneno hayo.

1. Tutazame: kisa cha bibi mmoja

Katika miaka tuliyotumikia wodini na zahanatini, na baadaye katika kuwatembelea wagonjwa majumbani, tumekutana na mengi. Tuanze na moja.

Palikuwa na bibi wa miaka 78 aliyeishi na wajukuu wake wawili. Siku ya Jumatatu alikiacha chakula. Jumanne alianguka karibu na mafiga, akainuliwa, akaketishwa. Usiku wa Jumatano alianza kumwita mumewe, aliyekwisha kufariki miaka mingi iliyopita, akimwuliza kwa nini mbuzi hawajaingizwa zizini. Wajukuu wakaogopa. Jirani mmoja akanong’ona kwamba bibi ameanza mambo ya usiku. Ndugu wa ukoo akasema kwamba amerudi utotoni, aachwe apumzike.

Alhamisi alipelekwa kwenye zahanati. Akapimwa joto, likawa 37.1. “Hana homa,” wakaambiwa. “Ni uzee tu.” Wakapewa vidonge vya maumivu, wakarudi.

Ijumaa mama mmoja wa jumuiya alikwenda kumjulia hali. Hakuwa mganga, ila alikuwa amefundishwa kuhesabu pumzi. Alikaa kando ya kitanda, akaitazama saa yake, akahesabu: pumzi 32 kwa dakika moja. Hakubishana na mtu. Alitafuta bajaji, akampeleka bibi hospitalini. Huko alikutwa na kichomi, na mwili wake ulikuwa umekauka kwa kukosa maji. Alipewa dawa kwa njia ya mshipa, akawekewa hewa ya oksijeni, na siku ya kumi alirudi nyumbani akimtambua kila mtu kwa jina.

Tulipokwenda kumsalimu alituambia maneno ambayo hatujayasahau: “Niliwasikia mkisema nimechoka. Sikuwa nimechoka, wanangu. Nilikuwa naumwa.”

Ndugu zetu, hakuna aliyemchukia bibi yule. Wajukuu walimpenda, majirani walimjua, na mhudumu wa zahanati alikuwa peke yake na foleni ndefu mlangoni. Hata hivyo, wote kwa pamoja walikaribia kumzika mtu aliyekuwa na ugonjwa unaotibika. Hatuna budi kuuliza walikosea wapi.

2. Akiba ya ghalani

Twaweza kuufananisha mwili na kaya ya mkulima. Kijana ana ghala lililojaa. Mvua zikichelewa, yeye hufungua ghala na maisha yakaendelea. Mzee naye anakula kila siku kama kawaida, anatembea, anacheka, anapalilia bustani yake, na ukimtazama huoni upungufu wowote. Lakini ghala lake lina gunia moja tu. Siku njaa ikiingia, kijana hustahimili mwezi ilhali mzee humaliza akiba yake kwa siku mbili. Huo ndio uzee. Uzee si ugonjwa, bali ni kupungua kwa akiba.

Tuutazame moyo. Kwa kadirio linalotumika sana, mapigo ya juu kabisa ambayo moyo waweza kuyafikia ni 220 ukitoa umri wa mtu. Kijana wa miaka 20 anaweza kufika 200 kwa dakika; mzee wa miaka 70 hufika kama 150. Kwa hiyo mzee anapovuja damu au kushambuliwa na maambukizi, moyo wake hauwezi kukimbia kama wa kijana, na tena baadhi ya dawa za shinikizo la damu huuzuia usikimbie. Mpimaji akiona mapigo 85 hudhani mambo ni shwari, kumbe moyo umekwisha kufanya yote unayoweza.

Mishipa nayo hukakamaa, na shinikizo la damu hupanda. Mzee ambaye namba yake ya juu huwa 160 kila siku, akikutwa na 110 baada ya kuanguka, asihesabiwe kuwa amepona shinikizo. Namba hiyo, ambayo kwa kijana ni njema, kwake yaweza kuwa ishara kwamba damu inavuja ndani.

Figo hupungua nguvu pole pole tangu umri wa miaka 40 hivi. Kiu pia hupungua, hata mzee akaweza kukauka bila kuomba maji. Mwili wa kijana una maji kama asilimia 60 ya uzito wake. Wa mzee huwa karibu na nusu. Kuharisha kwa siku moja, ambako kijana hukuona kuwa ni usumbufu, kwaweza kumlaza mzee. Wala tusimpime kwa kufinya ngozi ya mkono kama tunavyofanya kwa mtoto, kwa maana ngozi ya mzee hulegea hata akiwa na maji ya kutosha. Tutazame ulimi na mdomo, tuulize amekojoa lini, na mkojo wake ulikuwa na rangi gani.

Mapafu hukosa wepesi, mbavu hukakamaa, na kikohozi hukosa nguvu ya kutoa makohozi. Ndiyo maana mbavu mbili zilizovunjika kwa kijana ni maumivu, na kwa mzee zaweza kuwa mlango wa kichomi. Ngozi huwa nyembamba: mzee akilazwa mahali pagumu bila kugeuzwa, vidonda vya mgandamizo huanza ndani ya saa chache.

3. Dalili zinazojificha

Sasa twaweza kukirudia kile kipimo cha joto. Mwili wa mzee mara nyingi huwa na joto la chini kuliko wa kijana, na uwezo wake wa kuwasha homa hupungua. Kati ya wazee wenye maambukizi makali, wapo kama robo ambao hawana homa ya maana. Bibi yule, kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba siku za uzima wake joto lake lilikuwa 35.9. Ile 37.1 ilikuwa imepanda zaidi ya nyuzi moja. Kwake yeye hiyo ilikuwa homa. Kipimo hakikudanganya, sisi ndio tuliokisoma kwa macho ya ujana.

Hali kadhalika moyo. Kijana akipata shambulio la moyo hushika kifua. Mzee, hasa mwenye kisukari, anaweza asisikie maumivu ya kifua kabisa. Atasema amekosa pumzi, au amechoka ghafla, au atatokwa na jasho jingi na kutapika. Hata tumbo lililotoboka ndani, ambalo kwa kijana huwa gumu kama ubao, kwa mzee laweza kuwa laini na maumivu yakawa kidogo.

Kwa hiyo twawaomba mzishike dalili tano ambazo kwa mzee hubeba uzito sawa na homa kali kwa mtoto. Ya kwanza ni kuacha kula au kunywa ghafla. Ya pili ni kuanguka bila sababu iliyo wazi. Ya tatu ni kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa au siku chache. Ya nne ni kushindwa ghafla kufanya alilokuwa akiliweza jana, kama kwenda msalani mwenyewe. Ya tano ni kupumua haraka: mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mzee akizidi 25 akiwa ameketi, msingoje kesho.

Swali la kuuliza ni moja, na jibu lake analo yule anayeishi naye: “Je, hivi ndivyo alivyokuwa wiki iliyopita?” Likijibiwa “la”, basi si uzee. Uzee hauji Jumatatu.

Tuongeze juu ya kiharusi. Uso ukivutwa upande mmoja, mkono au mguu ukikosa nguvu, maneno yakigeuka, tazameni saa na kuiandika. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufaa ikitolewa mapema, kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha maalumu. Hospitali zenye uwezo huo ni chache. Lakini hata pasipo dawa hiyo, mgonjwa aliyefika mapema huokolewa na mengi: kusakamwa na chakula, kukauka maji, vidonda, na sukari isiyodhibitiwa.

4. Mzee anapoanguka

Mzee akianguka sote hukimbilia kumwinua. Nia ni njema, lakini tusiwe na haraka. Tuulize kwanza anaumia wapi, na tuitazame miguu yake. Mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, nyonga imevunjika. Tusiuvute, tusiukande kwa maji ya moto, wala tusimpakie kwenye bodaboda. Tuweke mto au kanga zilizokunjwa katikati ya miguu, tuifunge pamoja kwa vitambaa, kisha tumbebe akiwa amelala juu ya machela au hata ubao wa mlango, tukiwa tumemfunika asipate baridi. Nyonga iliyovunjika ikipasuliwa na kuungwa mapema, inafaa ndani ya siku mbili, humpa mzee nafasi njema ya kusimama tena. Akilazwa nyumbani kwa miezi akisubiri “mfupa ujiunge”, mara nyingi haukatizi maisha yake mfupa wenyewe, bali vidonda, kichomi na damu kuganda miguuni.

Kichwa nacho kina siri yake. Ubongo hupungua ukubwa kadiri miaka inavyokwenda, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wake hunyooshwa kama kamba iliyovutwa. Pigo dogo, hata la kugonga kichwa kwenye mwimo wa mlango, laweza kuukata mshipa mmoja, nayo damu ikajikusanya tone kwa tone. Twamkumbuka mzee mmoja aliyeanguka shambani, akajipangusa vumbi, akarudi nyumbani kwa miguu. Wiki ya tatu alianza kusinzia mchana na kuburuza mguu. Watu wakasema umri umefika. Hakuna aliyelikumbuka lile anguko mpaka siku ya msiba, mjukuu wake mdogo alipolitaja. Basi, mzee akigonga kichwa, tarehe iandikwe, na kwa wiki kadhaa aangaliwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hospitalini siku ile ile.

5. Dawa zinazoponya na kuumiza

Mzee mmoja huweza kuwa na dawa za shinikizo, za sukari, za magoti, za usingizi, na juu yake mitishamba aliyoletewa na shemeji. Kwa kuwa figo zake huchuja pole pole, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Diklofenaki na ndugu zake, zinazonunuliwa dukani bila swali, zaweza kutoboa tumbo na kuziua figo za mzee aliyekauka maji.

Dawa za kisukari za vidonge, hasa glibenklamaidi, zaweza kuishusha sukari kwa saa nyingi iwapo mzee amekunywa dawa na hakula. Mgonjwa hutetemeka, hutoa jasho, huongea ovyo kama mlevi, kisha huzimia. Akiwa bado anameza, apewe vijiko viwili au vitatu vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, halafu chakula, kisha apelekwe kupimwa, maana sukari yaweza kushuka tena. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni; alazwe ubavu, na safari ianze mara moja.

6. Tupime: fahamu inapopotea, haki nayo hupotea

Ndugu zetu, hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuilete mada hii mbele ya Tume.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili ya ugonjwa wa mwili. Kunaweza kuletwa na kichomi, na maambukizi ya mkojo, na sukari, na kukosa maji, na dawa, hata na choo kilichofunga. Si sawa na ule ugonjwa wa kusahau unaokuja kwa miaka. Huja kwa siku, hupanda usiku, hupungua asubuhi, na mara nyingi huondoka chanzo chake kikitibiwa. Ni dharura.

Lakini kijijini, bibi anayesema peke yake usiku, anayewaita marehemu, anayetoka nje akiwa hajitambui, huitwaje? Mnajua. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wazee wengi, na hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na jambo hilo lilitutia aibu sana miaka ya 1980 na 1990, wala halikuishia hapo. Wengine ushahidi wao ulikuwa macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka 50 ya kuwapikia watu wale wale waliowageuka. Dalili ya ugonjwa ilifanywa kuwa kosa la jinai, na hukumu ikatolewa kwa panga. Basi mtu anayefundisha jumuiya yake kwamba kuweweseka kwa ghafla hutibiwa hospitalini hatoi elimu ya afya tu, bali anazuia umwagaji wa damu.

Ipo na dhuluma ya kimya kimya. Mzee akifika hospitalini, mara nyingi anayeulizwa ni mwanawe. “Anaumwa nini?” huulizwa juu ya kichwa chake, kana kwamba ni mzigo uliosindikizwa. Mzee asiyesikia vizuri hudhaniwa hana akili. Asiye na miwani hudhaniwa hatambui watu. Mzee ndiye mwenye mwili wake. Aulizwe yeye kwanza, usoni pake, kwa sauti iliyo wazi na kwa maneno ya heshima, na asubiriwe amalize jibu.

Tena ipo dhuluma yetu ya fedha, nayo tuiseme bila kuficha. Mzee akifariki, michango hukusanywa usiku mmoja. Basi hukodishwa, turubai hufungwa, sanduku zuri hununuliwa, na ndugu hufika kutoka mijini. Lakini wiki mbili kabla yake, mzee huyo huyo alikosa nauli ya gari la kumfikisha hospitali ya wilaya. Twauliza: tunayemheshimu ni nani, mzee au maiti yake?

7. Haki zilizoandikwa

Wazee si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kati yao karibu milioni 3.5 walikuwa na miaka 60 au zaidi. Wengi wao ndio wanaolea wajukuu.

Wala si kwamba hawakukumbukwa katika maandishi. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee mwaka 1990, na mwaka 1991 ukatoa kanuni zinazotaja uhuru, ushirikishwaji, matunzo, kujiendeleza na utu wa mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaweka msamaha wa gharama kwa wazee wasio na uwezo. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mwaka 2016. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye utaratibu wa kuwagharimia wasiojiweza. Majirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba mtu asinyimwe tiba ya dharura, na ibara ya 57 ikawataja wazee wenyewe.

Huduma yenyewe ya dharura ingali changa kwetu. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza wakati huo huo. Tumepiga hatua. Aidha, mpango wa M-Mama umeonyesha kwamba simu moja na dereva wa kijijini aliyeandaliwa vyaweza kumfikisha mjamzito hospitalini kwa wakati. Twafurahi kwa ajili ya akina mama hao. Nasi twauliza kwa unyenyekevu kwa nini njia ile ile isifunguliwe kwa bibi aliyewazaa.

Tatizo ni umbali uliopo kati ya karatasi na dirisha la dawa. Mzee mwenye kitambulisho cha msamaha hufika akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Dirisha la wazee hufunguliwa siku mgeni mkubwa anapotembelea. Hatusemi haya ili kuwalaumu wauguzi. Wengi wao hufanya kazi ya watu watatu. Twasema kwa sababu haki isiyodaiwa husinzia.

8. Tutende

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, nayo hayangoji mfadhili.

Kila nyumba yenye mzee iwe na mfuko wa dharura, uliotundikwa mahali panapojulikana. Ndani yake yawemo kadi ya kliniki, kitambulisho cha msamaha au cha bima, dawa zote anazotumia pamoja na mitishamba, miwani, namba za simu za ndugu wawili, na karatasi yenye shinikizo, joto na uzito wake wa siku za uzima. Karatasi hiyo ingalikuwapo mkononi mwa wajukuu siku ile ya Alhamisi, bibi yetu asingalirudishwa nyumbani.

Kila jumuiya iwe na watu wawili waliofundishwa kuhesabu pumzi na kuzitambua zile dalili tano. Zahanati iliyo karibu itakubali kuwafundisha ikiombwa.

Kila jumuiya iwe na mfuko wa usafiri wa wagonjwa, unaochangwa kwa kasi na moyo ule ule wa msiba, na makubaliano na mwenye gari mmoja ambaye ataitika usiku. Machela ya miti na turubai itengenezwe sasa, kabla haijahitajika.

Anayemsindikiza mzee asimwache hospitalini peke yake ikiwezekana. Mzee aliyechanganyikiwa hutulizwa na sura anayoijua kuliko kufungwa kamba kitandani. Msindikizaji amvalishe miwani, amkumbushe yuko wapi na ni siku gani, amnyweshe maji iwapo ameruhusiwa, amgeuze kila baada ya saa mbili. Aseme waziwazi kwa muuguzi: “Jana alikuwa anatembea na kula mwenyewe.” Sentensi hiyo moja huweza kubadili matibabu yote.

Viongozi wetu waende kwa mganga mfawidhi na kwa diwani, si kwa ugomvi, wakiwa na orodha: wazee wangapi wana vitambulisho, wangapi hawana, na dawa zipi zilikosekana mwezi huu. Malalamiko yasiyo na hesabu husahauliwa mlangoni.

Mwisho, tukae na wazee wetu wakiwa wazima, tuwaulize wangependa nini siku ugonjwa mkubwa ukija. Si kila mzee hutaka kupelekwa mbali na nyumbani saa zake za mwisho, na matakwa yake yaheshimiwe. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mzee aliyechagua kupumzika na mzee aliyeachwa kwa sababu wengine wamemchagulia. Yule bibi hakuwa amechagua. Alikuwa akisikia, na hakuna aliyemuuliza.

Ndugu zetu, sisi sote tuko safarini kuelekea umri ule ule. Mtakaporudi majumbani mwenu na kusikia tena yale maneno matatu, msikasirike, wala msinyamaze. Ketini kando ya kitanda. Tazameni saa. Hesabuni pumzi.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni mzee gani aliyeugua ghafla mwaka uliopita? Tulisema nini, na tulifanya nini siku tatu za kwanza?

2. Tumechanga kiasi gani kwa misiba mwaka huu, na kiasi gani kwa kuwafikisha wagonjwa hospitalini?

3. Je, yuko mzee kati yetu anayenong’onwa kuwa mchawi? Nani atakwenda kumwona wiki hii, na nani atasema na vijana?

4. Ni wazee wangapi katika jumuiya yetu hawana kitambulisho cha msamaha wa matibabu wala bima, na ni nani tutakayemtuma kufuatilia?